Mnaosema WP (askari polisi wa kike) hawawezi kazi ya nguvu, njooni niwaambie nilichokiona kilabuni

Mtoto wa Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mi sio mwandishi kwa hiyo mtanivumilia, naandikia simu na chaji yenyewe iko asilimia kumi na nane.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kilabu cha pombe za kienyeji pembeni ya mji wa Dodoma, kata siitaji maana wengine humu mnaijua hadi pikipiki yangu. Sikwenda kunywa (haya, nilikwenda kunywa), kuna fundi nilikuwa namdai hela ya spea. Ndani kulikuwa na mzee mmoja wa makamo, baba wa miraba minne, mkulima wa alizeti na mifugo kidogo, siku hiyo wamegombana na mdogo wake kuhusu ng'ombe wa mahari ya binti yao, inasemekana mdogo mtu kauza wanne bila kumwambia. Mzee akatoka kimya kimya, tukajua yameisha, kumbe kaenda kuchukua panga. Aliporudi watu tulitawanyika kama vifaranga wameona mwewe. Mdogo mtu akajifungia stoo ya mama muuza, na mzee akavuta kigoda akakaa mlangoni pale pale, panga kaliweka magotini, anasema hapa hatoki mtu.

Difenda ya polisi ilikuja baada ya kama nusu saa hivi. Dereva akabaki ndani, wakashuka watatu. Konstebo kijana ana bunduki ya SMG, mwingine ana kirungu, na WP mmoja koplo, mwembamba tu, ukipishana naye Majengo sokoni hajavaa unifomu utadhani kaja kununua nyanya. Kumbe ndo mkubwa wao. Kijana wa kirungu tayari alishakunja mikono ya shati anataka kuingia, yule WP akamwambia "we subiri", sauti ya kawaida kabisa kama anamwambia mtoto asiguse sufuria.

Af akasogea kidogo akasema "Baba, mbukwenyi."

Mzee kamwangalia. Kimya. Af kaitika.

Jamani Wagogo mnajua, ukishaitika salamu umeshafungua mlango. Mzee akauliza we binti wa wapi, akasema wa Mvumi, wa nani, akamtajia, mzee akasema babu yako namfahamu (sijui kama ni kweli au pombe). Kutoka hapo yule WP hakutaja panga hata mara moja. Alianza kuuliza ng'ombe. Walikuwa wangapi, wanne, wa rangi gani, yupi alikuwa na mimba, yupi alinunuliwa mnadani na yupi kazaliwa zizini. Mzee anaeleza ng'ombe mmoja mmoja mpaka machozi yanamtoka, na sisi huku nyuma tumesimama kama tuko msibani. Kitu ambacho nilikuja kukigundua baadae ni kwamba muda wote huo kati yake na mzee kulikuwa na pipa, hakuwahi kusogea pale panga linapofika, na yule wa SMG alimweka pembeni, mdomo wa bunduki chini, mahali mzee anamwona ila haoni kama anadharauliwa. Yaani mdomo unaongea ng'ombe lakini miguu inafanya hesabu nyingine.

Dakika kama arobaini. Mwisho mzee kaomba maji, akalaza panga chini mwenyewe, WP akalisogeza kwa mguu, akamvika pingu. Kwisha.

Sasa picha linaanza hapa. Wanampandisha kwenye difenda, yule kijana wa kirungu akamchapa mzee teke la nyuma ya goti. Mzee ana pingu. WP akamvuta kijana kwa mkanda mbele yetu wote akamwambia nimeongea saa nzima asipigwe, we unampiga bure? Kijana akajibu kwa sauti ya chini lakini mi nilikuwa karibu nikasikia, "afande ungeniachia ningemaliza kwa dakika mbili."

Hilo neno sijalala nalo. Maana ni kweli, angemaliza kwa dakika mbili. Mzee angepigwa risasi ya mguu au angemkata kijana mkono, moja kati ya hayo, na kesho yake tungesema polisi wamefanya kazi.

Nilivyorudi nikaanza kusoma soma. Kumbe wenzetu Marekani walishahesabu haya mambo. Baada ya Rodney King kupigwa na polisi kule Los Angeles mwaka 1991 iliundwa tume, ikachambua askari 120 waliokuwa wanaongoza kwa ripoti za kutumia nguvu, wote 120 walikuwa wanaume, wakati jeshi lao lilishakuwa na wanawake wa kutosha. Na 2017 kuna uchunguzi wa taasisi ya Pew uliohoji askari karibu elfu nane, wanaume asilimia 30 walisema wamewahi kufyatua risasi kazini nje ya mazoezi, wanawake asilimia 11.

Swali langu, kwanini sisi WP tunamwona ni wa kuandika maelezo na kukaa dawati la jinsia? Nawasilisha, ngoja nichaji simu.

---

Kijana wa Kibaigwa

Mkuu hii ni chai, na sukari umezidisha. Panga, mahari, pipa, ng'ombe wa rangi gani. Bado mwali na mshenga tu hapo.

---

Bahi Rodi

Mi naiamini maana hao wazee nawajua. Ila mkuu umechukua tukio la mlevi ukalifanya sera ya nchi. Mlevi ni mlevi. Tuongelee jambazi. Stakishari Dar 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi wakaua, Kibiti 2017 askari nane waliuawa kwa mara moja wakiwa kwenye gari. Pale unamsalimia nani? Mbukwenyi unamwambia nani? Mwanamke ni mama, heshima yake iko palepale, ila kuna kazi Mungu kaigawa.

---

Mtoto wa Nkuhungu

Bahi Rodi hao askari nane wa Kibiti walikuwa wanaume na walishambuliwa kwa kuviziwa, misuli ingewasaidia nini? Risasi haipimi kifua. Na kama unaongelea ghasia, mwaka 2007 India walipeleka Liberia kikosi kizima cha polisi wanawake watupu chini ya Umoja wa Mataifa, kikosi cha kutuliza ghasia na silaha zao, nchi imetoka vitani, na walikaa wakipokezana mpaka 2016. Hawakwenda kupika.

---

Afande Mstaafu

Habari zenu vijana. Nimesoma uzi wote, naomba niseme kama mtu aliyevaa hiyo nguo miaka zaidi ya thelathini.

Kwanza depo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi. Moshi pale hakuna kwata ya wanawake na kwata ya wanaume. Wanaamka saa ile ile, wanakimbia njia ile ile, na SMG ikiwa na magazini imejaa ni kilo nne hivi, haipungui uzito kwa sababu umeivaa wewe ni binti. Nimeona mabinti wakimbeba mwenzao mwanaume aliyezimia kwenye mbio. Kwa hiyo anayesema hawawezi hajapita depo.

Pili, mleta uzi, takwimu zako nina shida nazo. Askari gani anaripotiwa sana kutumia nguvu? Ni yule anayepangwa doria za usiku, misako ya bangi, ulinzi wa mechi pale uwanja wa Jamhuri. Sasa ukimpanga WP kaunta miaka kumi, halafu ukahesabu nani kapiga watu, si lazima utampata mwanaume? Ni sawa na kusema mpishi hajawahi kupata ajali ya gari, kwa hiyo ni dereva mzuri.

Tatu sheria. Watu wanadhani polisi ana ruhusa ya kupiga. Hana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mtu akijisalimisha kwa neno au kitendo umeshamkamata, huna haja ya kumwangusha. Akikataa kwa nguvu unatumia njia inayohitajika kumkamata, na akishakamatwa huruhusiwi kumbana zaidi ya kile kinachohitajika asitoroke. Kwisha. Teke alilopiga yule kijana halimo popote, na aliyemvuta mkanda alifanya kazi ya ukoplo wake. Kosa lake moja tu, alitakiwa kumwandika.

---

Mtoto wa Nkuhungu

Shikamoo afande. Hoja ya mpishi na dereva imenikaa, nakubali kwa zile za Los Angeles na Pew. Ila kuna utafiti wa Chicago uliotoka 2021 kwenye jarida la Science, wale wamelifikiria hilo hilo ulilosema, wakalinganisha askari waliopangwa eneo moja, zamu moja, siku za namna moja. Yaani mpishi na dereva wote wamepewa gari na barabara ile ile. Bado wanawake walitumia nguvu kidogo kuliko wanaume na walikamata watu wachache kidogo.

---

Afande Mstaafu

Marahaba. Hapo umenijibu vizuri. Ila umeona hapo mwisho, "walikamata watu wachache". Mkubwa wa kituo hesabu anayoulizwa kila asubuhi ni hiyo, waliokamatwa wangapi. Hakuna anayeuliza waliotulizwa wangapi.

---

Mbongo wa Minnesota

Wakuu niko huku karibu na mji wa Brooklyn Center, niwape na upande wa pili ili mleta uzi asije akawafanya malaika. Aprili 2021 askari mwanamke Kim Potter, ana miaka 26 kazini, na wenzake walimsimamisha kijana Daunte Wright wa miaka 20 kwa mambo ya gari, kijana akataka kukimbia, Potter akapiga kelele Taser Taser, hicho ni kifaa cha shoti ya umeme, kumbe mkononi ana bastola. Kijana akafa. Akahukumiwa miaka miwili. Hilo lilitokea maili chache tu kutoka mahakamani ambako askari Derek Chauvin alikuwa anashtakiwa kwa kumuua George Floyd, mji mzima uko moto. Na 2018 kule Dallas Amber Guyger, naye askari mwanamke, aliingia nyumba isiyo yake akidhani ni yake akampiga risasi mwenye nyumba anakula aiskrimu kwenye kochi lake. Miaka kumi. Uoga hauna jinsia, na kidole kwenye traiga hakina jinsia.

---

Mama Zabibu

Mimi huwa sichangii nasoma tu lakini leo mmenikera. Mnawasifia sana hao WP, ninyi wanaume mmekutana nao wapi? Barabarani wanawaambia "kaka leseni", mnaona wana adabu. Njooni niwaambie sisi tunaokutana nao kule ndani.

Mwaka juzi mwanangu alikamatwa na wenzake kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, msako. Mimi nikaenda kituo, sikitaji kipi, nimebeba chakula, nimeambiwa nisubiri nimesubiri tangu saa nne mpaka saa tisa. Kaunta kulikuwa na kaka mmoja mpole tu na WP mmoja. Nikauliza mara ya tatu, jamani mwanangu amekula? Yule WP akasema "mama umezidi mdomo", nikamwambia mdomo ninao kwa sababu ninaye mtoto. Akazunguka ile meza akanizaba kibao. Mimi mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mbele ya watu, mbele ya vijana wanaoweza kuwa wajukuu zangu. Chakula kikamwagika. Akaniingiza chumba cha pembeni anasema ananipekua, akanivua kilemba akakitupa chini. Kunipekua kwa kosa gani, sijui mpaka leo.

Sikio lilivuma siku tatu. Nikaenda hospitali wakaniambia mama umepigwa, leta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Sasa PF3 inatolewa wapi wapendwa? Kwenye kaunta ile ile. Nilirudi nyumbani nikachemsha maji na chumvi nikajikanda.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwanamke hana mkono wa kupiga, mimi sikio langu linakataa.

---

Kijana wa Kibaigwa

Pole sana mama. Hapa utani naweka pembeni.

---

Bahi Rodi

Pole mama. Unaona sasa mleta uzi? Ndo nilichokuwa nasema, hawana kati, au analia au anapiga.

---

Mama Zabibu

Baba wewe usinitumie mimi kusemea mambo yako. Sijasema wasiajiriwe. Nimesema nilipigwa.

---

WP Mkimya

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Niko kazini mikoa ya kati, zaidi ya hapo sitasema.

Mama Zabibu shikamoo. Nimesoma mara tatu ulichoandika. Siwezi kukuomba msamaha kwa niaba ya mtu nisiyemjua, itakuwa unafiki, ila nataka kusema kitu ambacho wanaume humu hawakioni na wewe umekigusa bila kukitaja.

Sheria inasema mwanamke atapekuliwa na mwanamke, tena kwa staha. Ni sheria nzuri, bila hiyo mngeona mambo. Lakini angalia inavyofanya kazi. Akikamatwa mwanamke, naitwa mimi. Mama analeta fujo kaunta, "WP yuko wapi, njoo umtoe mwenzio." Muuza gongo wa kike, binti wa mtaani, mama mwenye mtoto mgongoni, wote ni wangu. Kwa hiyo nguvu za WP zikitumika zinamwangukia nani? Mwanamke mwenzie. Na zinatumika wapi? Chumba cha pembeni, mlango umefungwa, kama sheria inavyotaka kwa ajili ya staha. Wanaume wanaona sisi wapole kwa sababu kwao tunatumia mdomo. Wanawake ndo wanaujua mkono wetu. Takwimu ya mleta uzi na sikio la Mama Zabibu vyote ni kweli, ila kila mmoja kasimama chumba chake.

Sasa kwanini tunafika hapo. Nitaongea yangu. Nilipotoka depo nilipangwa na wakaka wanne. Wiki ya kwanza tulienda kumkamata mlevi, nikawa naongea naye, anaelekea kukubali kabisa, kaka mmoja akaona nachelewa akaruka akamkaba "kuniokoa". Sikuwa naokolewa. Mlevi akapigana, mwenzetu akavunjika kidole, na kituoni ikawa hadithi ya kucheka, WP alimbembeleza mlevi mpaka wenzie wakaumia. Unaelewa? Kosa likawa langu. Baada ya hapo unajifunza. Unajifunza kuonyesha kwamba na wewe ni afande. Na utamwonyeshea nani, jambazi? Unamwonyeshea aliye dhaifu mbele yako, na wakaka wanacheka wanasema "huyu WP ni noma". Hiyo sifa ni tamu jamani, nisiwadanganye. Mimi mwenyewe niliwahi kumsukuma binti mmoja ukutani mwaka wa pili kazini, na hakuna alilofanya zaidi ya kunijibu. Alikuwa na hereni moja, nyingine ilidondoka hapo, akawa anaitafuta chini huku analia na mimi nimesimama. Hereni ile naikumbuka kuliko kesi nyingi kubwa.

Aliyenibadilisha ni sajenti mmoja mama, sasa kastaafu. Alinifundisha mambo ambayo depo hawayasemi kwa maneno. Kwamba mtu mwenye silaha usimwangalie macho, mwangalie mabega, bega ndo linatangulia. Usisimame mlangoni. Usimwambie mtu "tulia", hakuna mtu aliyewahi kutulia kwa kuambiwa tulia, mwulize kitu anachokijua. Mpe njia ya kushindwa bila kuaibika. Na akasema wewe na mimi hatuna misuli ya kukosea mara ya pili, mwanaume akikosea maneno anamalizia na mwili, wewe ukikosea maneno umeumia, kwa hiyo maneno yako lazima yawe kazi. Sio kwamba tuna huruma kuwazidi. Ni hesabu.

Yule koplo wa kilabuni simjui lakini nilivyosoma habari ya pipa nikacheka, nikasema huyu kafundishwa na mtu.

Na Afande Mstaafu umesema neno zito. Nikimaliza ugomvi kwa dakika arobaini bila mtu kuumia, kwenye kitabu cha matukio naandika mstari mmoja: mtuhumiwa alikamatwa bila tatizo. Bila tatizo! Mwenzangu akipigana naye, anaandika ukurasa, anaitwa shujaa, anaonyesha kovu. Ugomvi ambao haukutokea hauna namba ya RB, ile ya kitabu cha taarifa kituoni.

---

Afande Mstaafu

Binti yangu, umeandika vizuri kuliko mimi. Niliwahi kuwa mmoja wa hao wakaka, nisijifanye. Wakati wetu WP akitaka kwenda doria tulikuwa tunamwambia "dada baki utuwekee chai". Na tulidhani tunamheshimu.

---

Mwanasheria Mtarajiwa wa Chimwaga

Niongezee kidogo kisheria maana niko mwaka wa tatu na nina mtihani wiki ijayo, hii nayo naihesabu kama marudio.

Katiba yetu Ibara ya 13(6)(d) inataka heshima ya binadamu itunzwe kwenye shughuli zote za upelelezi na mambo ya jinai, na pale mtu anapokuwa chini ya ulinzi. Halafu (e) inakataza kuteswa na adhabu za kumtweza mtu. Haisemi "isipokuwa awe na mdomo". Kuvuliwa kilemba na kutupiwa chini, kwangu mimi hapo staha ya upekuzi haipo kabisa, hata kama aliyevua ni mwanamke. Wengi tunasoma kile kifungu tunaishia "apekuliwe na mwanamke", tunasahau nusu ya pili.

Kimataifa kuna Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa, zilipitishwa Havana 1990, zinasema askari aanze na njia zisizo za nguvu kadiri inavyowezekana, akilazimika atumie kwa kiasi kinacholingana na kosa, na risasi ya kuua ni pale tu isipokwepeka kabisa ili kuokoa maisha. Kwa hiyo yule koplo na mazungumzo ya ng'ombe hakuwa "mama mwenye huruma", alikuwa anafuata kanuni. Kijana wa dakika mbili ndo alikuwa nje ya kanuni. Inashangaza tunaita ya kwanza kipaji cha kike na ya pili kazi.

Mama Zabibu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, malalamiko unapeleka bila kulipa.

---

Bahi Rodi

Sawa, mnaongea vizuri. Ila mi nauliza swali la kijinga, WP Mkimya usikasirike. Ukiwa na ujauzito? Usiku wa manane umepangwa na mwenzio, mmekutana na vijana sita wa panya rodi. Mwenzio si anakuwa na kazi mbili, kujilinda na kukulinda?

---

WP Mkimya

Swali sio la kijinga kaka, hata sisi tunaulizana. Mjamzito hapangwi doria, anabaki kazi za ndani, na mwenzangu akiumwa mgongo au sukari naye hapangwi na hakuna anayesema wanaume wasiajiriwe. Vijana sita na askari wawili ni hesabu mbaya hata wote wawili wawe na vifua kama vya mabondia. Askari mwenye akili hapo hapigani, anarudi nyuma, anaita redio, anasubiri gari. Yule anayekwambia yeye angewakabili wote sita hajawahi kukutana nao.

---

Kijana wa Kibaigwa

Mi nina ushuhuda mdogo. Pale kwetu sokoni msimu wa mahindi malori yanapangana, madalali wanapigana kama mbogo. Kuna trafiki mmoja wa kike alikuwa anakuja, hana hata kirungu, ana filimbi na daftari. Watu wakikunjana mashati anakuja anasimama pale anaanza kuandika namba za malori. Haongei. Anaandika. Ndani ya dakika tano ugomvi umeisha maana kila mtu anakimbilia gari lake kuangalia kama kaandikwa. Mpaka leo sijui alikuwa anaandika nini.

---

Mtoto wa Nkuhungu

Hahaha huyo namkubali.

Wakuu nimerudi, nimechaji. Nataka nirekebishe uzi wangu kidogo. Nilivyoanza nilitaka kusema WP ni bora. Baada ya mama na WP Mkimya naona nilikuwa nimeangalia mlango mmoja. Mi ni mwanaume, nimekutana na polisi wanawake barabarani, kilabuni, na mara moja kwenye tochi ya kupima spidi, hawajawahi kunigusa. Mke wangu nimemwuliza jana usiku, bila kumweleza kuhusu huu uzi, nikasema hivi wewe ukipata shida kituoni ungependa ukutane na polisi wa kike au wa kiume? Akafikiria kidogo, af akasema, "kama nimeibiwa wa kike, kama nimekamatwa wa kiume." Nikanyamaza.

Halafu habari ya yule mzee. Nimepita kilabuni leo, mama muuza anasema alilala ndani siku mbili, wakakaa kikao na ndugu, ng'ombe wawili wamerudishwa wawili wameliwa, yaani wameshaliwa kweli kweli, kwa hiyo ndo hivyo. Goti linamsumbua. Sio panga, sio pombe. Lile teke.

---

Afande Mstaafu

Umeona. Dakika arobaini zote zile, na kilichobaki mwilini mwa mzee ni sekunde moja ya yule kijana.

---

WP Mkimya

Mama Zabibu, kama bado upo. Siku ile uliona jina lake? Kila askari ana jina kifuani, na WP wana namba zao. Ukiwa na jina na tarehe, hata ikiwa mwaka juzi, lalamiko lina pa kuanzia. Bila jina watakwambia siku hiyo kaunta walikaa askari wanane. Sikushawishi, uamuzi ni wako.

---

Mama Zabibu

Nipo mwanangu. Nilimwangalia kifua sana, nilitaka nilishike hilo jina nife nalo. Alikuwa kavaa sweta juu ya shati. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba unaujua.

---

WP Mkimya

Naujua mama.

---

Mama Zabibu

Basi hilo sweta ndilo ninaloweza kukuelezea. Buluu, limeshonwa kiwiko cha kushoto kwa uzi mweusi.